Msimwite Bundi Mchana

Mmenichosha, vijana wangu. Naanza na hilo ili atakayekasirika akasirike mapema, aiweke karatasi hii chini na kurudi kwenye simu yake. Mlinialika kwenye semina yenu ya waongoza wageni hapa Moshi mjini, mkanitambulisha kwa maneno makubwa, kisha mkanipa muda mfupi kabla ya chakula. Nusu ya muda huo ilikwenda kwa kijana wa kipaza sauti aliyekuwa anasema "moja mbili, moja mbili", na nusu nyingine iliharibiwa na harufu ya pilau. Niliyokuja kuyasema sikuyasema. Sasa nayaandika, na kwa kuwa hakuna wa kunionyesha saa, nitaandika nitakavyo.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza watu wanaokuja kuangalia ndege. Si simba, si tembo, si kupanda mlima. Ndege. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliishi Pasua, hapa hapa mjini, maisha yake yote na hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Majirani wakimuuliza mwanawe anafanya nini, alijibu "mambo ya utalii" na kuhamia kwenye bei ya vitunguu. Aliwahi kujaribu kueleza mara moja kwamba kuna mzungu ametoka kwao mpaka huku ili amwone chozi, kale kandege kadogo ka mdomo uliopinda, akinyonya ua la mgomba. Walimcheka mpaka akajuta kufungua mdomo.

Wageni nao wananichosha, msidhani nimewashika ninyi peke yenu. Nilipata mmoja aliyevaa koti la nailoni lililopiga kelele kila alipoinua mguu. Tulitembea asubuhi nzima. Mwishowe akaniuliza kwa nini msitu huu hauna ndege. Nikamjibu kwa adabu kwamba ndege wapo, ila wametusikia tangu tuliposhuka kwenye gari. Akadhani namtania. Mwingine alikuja na kitabu kinene akitaka aone kila kilichomo humo kabla ya chakula cha mchana, pamoja na mnandi, ndege anayezamia samaki ziwani. Nikamwambia mnandi hakai kwenye mibuni. Akasema, "Tujaribu tu." Tukajaribu, nifanyeje, na mnandi hatukumwona.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mfinanga, Mpare mmoja mstaafu aliyewahi kulinda misitu. Siku za mwanzo aliniweka chini ya mti na kuninyang'anya darubini. Darubini, alisema, ni ya kuhakikisha, si ya kutafutia; kutafuta ni kazi ya masikio. Nilikaa pale nimenuna, siafu wananipanda. Yeye alifumba macho, na baada ya muda akasema hondohondo wawili wanakuja kutoka bondeni. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia: mabawa yao yanavuma kama mtu anayepepea moto wa mkaa kwa ungo. Wakatua juu yetu, wawili. Mzee Mfinanga hakufurahi wala hakujisifu, aliniuliza tu kwa nini bado nimenuna.

Mengine aliyonifundisha nawapa bila mpangilio, mwenye kushika ashike. Vaa rangi ya majani makavu. Jua liwe mgongoni kwako, si usoni. Usinyooshe mkono mzima kumwonyesha mgeni ndege, maana ndege anauona mkono huo kabla ya mgeni; taja tawi, taja kovu la mti, inua kidevu. Ukitaka kumwona kulukulu, yule wa kijani mwenye mabawa mekundu, mwache aruke mwenyewe. Akikaa kwenye majani hata mimi simwoni. Na usiseme "yupo pale pale" kana kwamba mgeni ni kipofu. Sema vizuri, au nyamaza.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, na ndilo linalonikosesha usingizi. Ninyi mnadhani ndege wa Kilimanjaro wanakaa hifadhini. Wengi wanakaa kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba za watu. Pale Old Moshi, mibuni iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa, na huko juu ndiko ndege wetu waliko. Kila mti una mwenyewe, na kila mwenyewe ana mama mkwe. Nusu ya kazi yetu ni kubisha hodi. Mmesomea majina ya ndege kwa Kilatini, vizuri sana, lakini nimewaona mkipita katikati ya mahindi ya mtu mkiwa mmevaa miwani ya jua, bila shikamoo.

Mimi nililipata somo hili kwa Bibi Manka. Kihamba chake kiko Old Moshi, juu kidogo ya barabara, na katikati yake kuna mringaringa mkubwa unaochanua maua meupe. Siku ya kwanza nilipofika na wageni, niliuona mti huo kwa mbali, nikahisi una bundi. Nilisimamisha njiani ile darubini kubwa ya miguu mitatu na kuielekeza kihambani. Bibi Manka alitoka na panga. Nyuma yake akatoka mkwewe, Mama Aika, na nyuma yake majirani. Walidhani nimekuja kupima ardhi. Huku milimani mtu akisimamisha chombo cha miguu mitatu na kufumba jicho moja, familia nzima inajua mpaka unahamishwa.

Nilijieleza. Hakuna aliyesikiliza. Mswahili wa Pasua, nimesimama na wazungu na chombo cha miguu mitatu, nadai naangalia ndege. Hata mimi nisingejiamini. Mwishowe nilimwambia Bibi Manka, "Mama, shikamoo, njoo uangalie mwenyewe. Ukiona mpaka humu, nikate."

Akaja, panga mkononi. Akainama, akafumba jicho moja. Akakaa hapo muda mrefu mpaka nikaogopa. Bundi wawili walikuwa wamelala tawini, wamebanana, na ile darubini ilimletea nyuso zao mpaka puani.

"Kumbe ana kope," akasema. Basi. Akamwita Mama Aika aje aone kope.

Tangu siku hiyo kihamba kile kilikuwa wazi kwangu, na masharti yalikuwa machache. Nibishe hodi pale kwenye masale, yale majani marefu yanayopandwa mpakani. Niingie, nikae, niulizwe hali za nyumbani kwangu, ninywe chai. Ndipo niende kwenye mti, kimya, na wageni wasikae hata kidogo zaidi ya inavyohitajika. Majirani walinung'unika, maana bundi huku si ndege wa kufuga. Wanasema akilia juu ya nyumba anaita maiti. Bibi Manka aliwajibu kwamba bundi wake wanalia usiku kama walivyoumbwa na hawajawahi kumwita mtu. Miaka yote niliyofanya kazi hii, mti ule ndio mahali nilipokuwa na uhakika wa kumwonyesha mgeni bundi. Na mlango wenyewe ulikuwa mmoja tu, imani ya mama yule kwangu.

Sasa tuje kwenye spika zenu.

Godlisten mnamfahamu. Ni kijana wa Kwa Sadala, hodari, ana macho mazuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kwa Bibi Manka nilipostaafu ili aendeleze njia. Nilimweleza kila kitu. Aliitikia kila kitu. Siku moja akawa na wageni wenye haraka, wanarudi uwanja wa ndege jioni hiyo. Hakubisha hodi. Alipita upande wa mfereji mpaka chini ya mringaringa, adhuhuri, akakuta bundi wamejificha kwenye majani na hawaonekani vizuri. Akatoa kispika chake, akacheza sauti ya bundi kutoka kwenye simu.

Bundi akisikia bundi mwingine nyumbani kwake anafanya nini? Anajibu. Akajibu dume, akajibu jike, wakatoka tawini wakalia kwa hasira, na Godlisten akaendelea kucheza kwa sababu wageni walikuwa wanapiga picha nzuri. Walilia mchana kweupe, juu ya nyumba. Na ndani ya nyumba hiyo Bibi Manka alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani.

Habari nilizipata kwa Mama Aika. Alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku akichungulia mlango.

"Baba Zuhura, bundi wamelia mchana. Kijiji kizima kimesikia. Kaka Elirehema amekuja kutoka Dar, anasema mti unakatwa. Amemwita fundi wa msumeno, anakuja kesho kutwa."

"Na mama anasemaje?"

"Mama amelala. Hajaambiwa."

Elirehema ndiye mtoto mkubwa wa Bibi Manka. Nilikasirika. Nilimtafuta Godlisten, nikamkuta anakula chipsi kituoni, na akaniambia, "Shikamoo mzee. Sio kesi, nitaenda kuwaelewesha ni teknolojia." Nilimwambia kesho yake tunakwenda wote, na teknolojia yake aiache mjini. Nilimwambia pia kwamba kwa Wachagga kosa linaombewa msamaha kwa isale, jani moja la yale masale. Mimi ni mtu wa Pasua, isale si la kwetu, lakini yeye ni Mchagga na anajua. Akasema anajua. Akanihakikishia kabisa.

Tulipanda asubuhi. Nilitangulia kubisha hodi, Mama Aika akatoka, tukasalimiana, na nikawa nauliza hali ya mgonjwa. Elirehema alikuwa amekaa uani, mtu mnene mwenye shati la kupendeza, na pembeni yake, kwenye ukingo wa benchi, kulikuwa na futi ya kamba, ile ya mafundi. Niliiona futi hiyo. Sikuitilia maanani wakati ule.

Ndipo akaingia Godlisten, ameshika isale kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, amejaa unyenyekevu. Isale lilikuwa bado na udongo kwenye mizizi.

Mama Aika akaziba mdomo. Elirehema akasimama.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Hapo nje, kaka. Njiani."

"Hapo nje ni mpaka wetu na wa jirani. Umeng'oa mpaka wetu uje kutuombea msamaha nao?"

"Samahani kaka, nilijua ni la njiani tu."

"Wewe ni mtoto wa nani, mbe?"

Vijana, nilitamani ardhi ipasuke. Nimewahi kuona watu wakisahau isale, nimeona watu wakileta majani ya mmea mwingine, lakini mtu kung'oa mpaka wa aliyemkosea na kumletea mkononi, hilo sikuwa nimeliona na sitaliona tena. Alikuwa amekwenda shule, amepewa cheti, anajua jina la kila ndege, na isale alilijua kutoka kwenye picha za harusi. Elirehema alianza kusema kwa Kichagga, haraka haraka, na mimi Kichagga changu ni cha sokoni lakini nilielewa kwamba tunafukuzwa.

Kutoka ndani ikasikika sauti.

"Nani amekuja?"

"Baba Zuhura, mama," Mama Aika akajibu. "Na kijana wake."

"Waingie."

Tukaingia. Bibi Manka alikuwa amepungua sana. Blanketi lilikuwa linaonekana zito kuliko yeye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya Zuhura na wajukuu, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, huku Elirehema amesimama mlangoni anahema. Nilihuzunika, nasema kweli. Nilikuwa nimekuja kupigania mti, na mbele yangu alikuwa mama aliyenipokea miaka yote ile anakwenda.

Akamgeukia Godlisten. "Kijana, nilisikia bundi mchana. Ni nini kile?"

Kumbe hakuwa amelala.

Godlisten akajibu. "Ni mimi, bibi. Nilicheza sauti yake kwenye spika. Akadhani bundi mgeni ameingia kwake, akajibu."

"Kwa hiyo ulikwenda kumchokoza nyumbani kwake."

"Ndiyo, bibi."

"Akajibu."

"Ndiyo."

"Hata mimi ningejibu," akasema Bibi Manka.

Elirehema akaingilia. "Mama, bundi ni bundi. Watu wote wamesikia. Ule mti hauwezi kubaki."

Bibi Manka alimgeukia mwanawe. "Elirehema, bundi wako kwenye mti ule tangu hujaota meno. Walilia baba yako akiwa mzima, wakalia akiumwa, wakalia tulipokwisha kumzika. Kama wangekuwa wanaita maiti, ukoo huu ungekuwa umekwisha. Wewe hutaki kuondoa bundi. Unataka mbao."

Mnaojua samani mnajua mbao ya mringaringa inavyotafutwa. Hapo ndipo ile futi ya kamba iliponiingia akilini, na nikaona pia kwamba bundi wa Godlisten walikuwa wamemfungulia mtu mlango aliokuwa akiutafuta siku nyingi. Asingethubutu kuugusa mti wa mama yake kwa ajili ya mbao. Kwa ajili ya uchuro, kijiji kizima kingemshikia kamba.

Elirehema akasema taratibu, "Mama, upumzike kwanza. Mambo ya mti tutazungumza baadaye."

Baadaye. Sote mle chumbani tulijua baadaye ni lini. Na yeye mwenyewe aliyelala pale alijua vizuri kuliko sisi. Hakubishana. Alimwambia Godlisten akalirudishe isale alipolitoa, alipande vizuri, na aite jirani aje ashuhudie kwamba limerudi mahali pake. Kisha akafumba macho. Fundi wa msumeno aliambiwa asubiri, na nilishuka mlimani nikijua anasubiri nini.

Njia nzima Godlisten alikuwa ananiuliza, "Mzee, si tumesamehewa?" Nilimwambia asinisemeshe.

Baada ya hapo Bibi Manka hakukaa sana. Mama Aika alipopiga simu, sikuhitaji kuuliza. Nilisema maneno yanayosemwa, nikakata simu, nikakaa kitandani na kulia. Kisha nikaukumbuka msumeno.

Tulipanda kwenda kuzika, mimi na Godlisten, amevaa shati jeupe la shule la mtu mwingine, nadhani. Nilipokaribia kihamba nilisikia vishindo vya chuma, nikasimama. Nilidhani wameanza kukata na maiti bado iko ndani. Nilitembea haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Haikuwa shoka. Ilikuwa sululu. Elirehema alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, suruali nzuri imejaa udongo, anapigana na mizizi. Vijana wa ukoo walikuwa wamekaa pembeni wamechoka. Kaburi lilikuwa linachimbwa chini ya mringaringa, kwenye shina kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angechimba shimo la aina yoyote.

Aliniona, akaegemea mpini wa sululu.

"Mama alimwita katekista," akasema. "Akaita na ukoo wote. Akasema mbele yao atalala hapa, na asiwekwe mahali pengine. Nikamwambia, mama, kuna mizizi. Akasema, mtachimba."

"Pole sana, Elirehema."

"Nani atakata mti juu ya kichwa cha mama yake, Baba Zuhura? Niambie." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka kikawa kilio, na akabaki hapo shimoni anafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Mama yangu amenishinda."

Nilivua koti, nikashika jembe. Godlisten naye akashuka shimoni, na kwa kazi hiyo sina la kumlaumu, alichimba mpaka viganja vikapasuka.

Basi mkifika kwa Mama Aika na wageni wenu, bisheni hodi. Kaeni, mnywe chai. Spika ziacheni garini, na mgeni mwenye haraka mwambieni ukweli, kwamba ndege yake ya jioni si kosa la bundi. Mtakuta msalaba chini ya mti. Simameni hapo kwanza. Mkiwaona bundi, mmewaona. Msipowaona, rudini mjini mkale.

Siku ile ya maziko tulikuwa tumesimama kuzunguka kaburi, padri anasali, jeneza linashuka kati ya mizizi iliyokatwa. Mimi Muislamu nilikuwa nimesimama nyuma kidogo, mikono mbele, namwombea kimoyomoyo kwa namna yangu. Godlisten akanigusa kiwiko. Nikapuuza. Akanigusa tena, akainua kidevu kidogo sana kuelekea juu, kama nilivyomfundisha, macho yamemtoka kwa furaha.

Nikamkanyaga mguu.

"Chini," nikamnong'oneza. "Leo tunaangalia chini."